Mtandao Unasumbua

Kibanda changu kipo Kirumba, Mwaloni,
upande ambao harufu ya dagaa huingia bila hodi.
Kaunta, kalamu iliyofungwa uzi,
simu nne za kitochi zilizobanwa rababendi.

Mtu anayetapeliwa namjua kabla hajasalimia.
Haiweki simu chini.
Bega limeibana sikioni, shingo imepinda
kama ya kuku aliyekwisha kununuliwa;
mkono mmoja unahesabu noti,
mwingine unanifanyia ishara: haraka, haraka.
Nikiuliza, "Unamtumia nani?"
anaomba ruhusa kwanza huko sikioni.
Ameambiwa asikate.
Ameambiwa asimwambie mtu, ofa ni ya watu watatu
na wawili wamekwisha lipia.

Mwaka juzi sikuyajua haya.
Ama niliyajua, nikawa na foleni.
Alikuja Nyabise wa Ukara,
kucha zake bado zina vumbi la fedha la dagaa,
akanunua kwa simu chanja za kukaushia,
waya mpya, miguu ya chuma, nusu bei,
na lori "limeshapita Shinyanga, mama,
dereva anauliza akushushie wapi."
Laki moja na themanini.
Nilibonyeza mimi. Kwa kidole hiki.

Siku mbili alikaa getini juu ya ndoo.
Kila lori likikata kona, anasimama.
Siku ya tatu akaniuliza, kwa upole
ulioniuma kuliko tusi:
"Hivi mtu akituma hela, na wewe unapata kitu?"

Napata.
Kamisheni haiulizi hela inakwenda kwa nani.

Leo kaja Kwilasa, fundi wa mitumbwi,
bega limebana, shingo imepinda.
Mashine ya boti, farasi kumi na tano,
iko kwenye boksi lake, haijaguswa;
atangulize laki tatu kabla ya saa sita.
Nikamwambia, "Mtandao unasumbua."
Uongo. Vijiti vinne vilisimama wima kwenye kioo.
"Jaribu tena."
Nikabonyeza hewa.
"Nipe niongee naye, labda namba imekosewa."

Sauti laini, ya kijana aliyelala vizuri.
Nikamwamkia: "Mwangaluka!"
Akanijibu: "Karibu mteja."
Duka lenu liko wapi?
"Mwanza mjini, Mtaa wa Rufiji."
Mkabala na nini?
Nikasikia karatasi zikifunuliwa.
Nikasikia, nyuma yake, sauti nyingine kama yake
ikimpongeza mtu mwingine.
"Mkabala na bahari, dada."

Bahari!
Nikageuka kulitazama ziwa, lile pale nyuma ya magunia,
na magugu maji yake, na akina mama wakifua;
maji hayo hayana chumvi hata ya kuonjea mboga.
"Kaka," nikasema, "hiyo bahari ikifika, unipigie."
Nikakata.

Msinipigie makofi. Kwilasa hakushukuru.
Alinipokonya simu yake, macho mekundu:
"Unajua nimeitafuta mashine hii miaka mingapi?"
Hapo nikaelewa. Hakuwa akililia laki tatu.
Alikuwa akiililia ile mashine, mlio wake,
kwenda Ukerewe na kurudi jua halijawa kali.
Yule kijana alimuuzia kitu
ambacho tayari kilikuwa kinanguruma kichwani mwake,
na mimi ndiye niliyekizima.

Akaondoka kuelekea ng'ambo ya barabara,
kwa wakala mwenye mwavuli wa njano,
ambaye mtandao wake hausumbui kamwe.
Akasimama katikati, toroli zikimkwepa.
Juu ya mabati korongo wenye vipara
walingoja matumbo ya sangara, mchana kweupe,
bila kumwita mtu mteja.

Simu ikaanza kuita mkononi mwake.
Akaitazama.
Mimi nilikuwa nimeshaandika jina lake daftarini,
jina na laki tatu, kwa mazoea tu.
Kalamu nimeishika. Sijakata mstari.
Simu bado inaita.